Mama Hakutoa Ushirikiano

1.

TANGAZO
(karatasi moja, imebandikwa mlangoni mwa chumba cha chanjo kwa plasta ya vidonda)

Kutokana na uhaba wa mtaalamu na wa chumba, tiba ya kikundi kwa (a) wazazi waliofiwa na watoto na (b) watumishi waliopata mshtuko kazini itafanyika kwa PAMOJA. Siku ni Jumatano, ambapo hakuna chanjo. Saa nne kamili asubuhi. Washiriki wanaombwa kutogusa jokofu.

Uongozi wa Hospitali

2.

Rudia hiyo (a) na hiyo (b). Aliyeandika aliziona ni herufi mbili tu, zinazoweza kukaa pamoja kama shati na suruali sandukuni. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na chumba kimoja, mshauri mmoja na Jumatano moja, akapanga alivyoweza, akaenda kunywa chai. Mji wenyewe ni mdogo, una alizeti nyingi, upepo mwingi na hospitali moja. Haikumjia kichwani kwamba mzazi aliyefiwa wodini na mtumishi aliyeshtuka wodini wanaweza kuwa wametoka kwenye kitanda kilekile.

3.

YAH: KUHUDHURIA TIBA YA KIKUNDI

Ndugu Elipendo Msengi, Muuguzi Mkunga,

Kufuatia taarifa ya matroni kwamba mikono yako inatetemeka wakati wa kutoa huduma, unaelekezwa kuhudhuria vikao sita (6). Baada ya kikao cha sita mshauri atajaza fomu na utarejeshwa wodi ya wazazi. Ukikosa kikao hata kimoja bila sababu ya maandishi, suala lako litafikishwa kwenye kamati ya nidhamu.

Nakutakia uponaji mwema.

4.

Kikao cha kwanza. Viti saba vya plastiki, watu wanne. Juu ya duara, katikati kabisa, ilining'inia mizani ya kupimia watoto, ile yenye ndoano ya chuma na kaptula ya kitambaa anayovalishwa mtoto kabla ya kutundikwa. Kaptula ilikuwa tupu, na feni ilikuwa inaisukuma taratibu. Ukutani kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha huku anacheka.

Mshauri aliitwa Bwana Kiula, kijana wa miaka thelathini mwenye cheti cha mafunzo ya wiki mbili na moyo mkubwa kuliko cheti. Aliona wanachotazama. Akasema ameshaandika barua mizani ishushwe, ila mwenye ufunguo wa stoo ya ngazi yuko likizo.

"Iache tu," akasema Mzee Gwau. "Imeshatuona." Mzee huyu alikuwa mchimba visima. Kitinda mimba wake alifukiwa na kisima ambacho baba mtu ndiye aliyekichimba.

Wa tatu alikuwa msichana mwembamba, Hadija Ntandu, muuza mafuta ya alizeti, aliyekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba amekiazima.

Wa nne alikuwa Elipendo. Miaka arobaini na moja, gauni la kitenge. Sare aliiacha nyumbani kwenye msumari.

"Dawa ya hapa si mimi," Bwana Kiula aliwaambia. "Mimi nashika saa tu. Mmoja akiongea, mwingine anajisikia yeye ndani ya maneno ya mwenzake, anagundua hayuko peke yake. Tiba ndiyo hiyo. Haina sindano."

"Inamfaa nani?" akauliza Mzee Gwau.

"Aliyefiwa. Mwenye hofu. Anayetaka kuacha pombe. Aliyepatwa na jambo zito akakosa pa kulitua. Haimfai aliyeletwa kwa nguvu, wala ambaye bado hawezi kumsikiliza mwenzake."

Hakusema lolote kuhusu mtu anayekuja kwa ajili ya fomu. Elipendo alisubiri aseme.

5.

KANUNI ZA KIKUNDI
(ubaoni, kwa chaki)

Yanayosemwa hapa yanabaki hapa.
Hakuna kumkatisha mwenzako.
Hakuna kumwambia mwenzako "jikaze".
Kutaja kazi yako si lazima.
Kila mtu aseme ukweli wake.

Elipendo aliikamata ile ya nne kwa mikono miwili. Ya tano aliisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba akiogopa kuitwa.

6.

Hadija, kikao cha kwanza, anaongea na viatu vyake:

"Mtoto wangu alikuwa wa kiume. Alizaliwa mchana, hakulia. Mimi ndiye niliyemuua. Hapana, mzee, niache niseme, kanuni inasema hakuna kukatishana. Imeandikwa. Mume wangu alikwenda kuuliza wakamsomea kwenye faili: mama hakutoa ushirikiano. Akarudi nyumbani akanikalia mbele. Hadija, wanasema hukutoa ushirikiano. Mama mkwe naye akaniuliza, ulibana miguu? Nikasema sijui. Labda nilibana. Maumivu yale hujui mwili unafanya nini. Nesi alisema nisisukume. Baadaye akasema nisukume, nikawa sina nguvu tena. Ndiyo hivyo. Sikutoa.

"Huyo nesi sikumwona uso. Alivaa barakoa na kofia. Ningemjua ningemfuata nyumbani kwake nikamwombe

radhi."

7.

Wewe unayesoma umeshajua. Elipendo naye alijua pale pale, sentensi ya tano au ya sita. Alianza kulia, na kwa kuwa mtu akilia katika duara la wafiwa watu hawaulizi sana, Mzee Gwau alimwambia, "Pole, mama. Hatukulazimishi kusema." Wakamhesabu kuwa amefiwa na mtoto.

Hakuwakatalia.

8.

Mambo anayoyajua Elipendo na faili haliyajui:

Ilikuwa Ijumaa. Vitanda vya kujifungulia viwili, wazazi watano, mkunga mmoja. Mwenzake alipelekwa semina, na semina yenyewe ilihusu huduma yenye staha kwa mama mjamzito.

Hadija alifika saa tatu asubuhi kwa miguu, na beseni lake na khanga zake, akatandika shuka la mpira juu ya kitanda mwenyewe.

Saa nne njia ilikuwa karibu imefunguka yote. Elipendo akamwambia, "Usisukume bado, mama. Vuta pumzi. Nakuja sasa hivi." Kitanda cha pili mama mwingine alikuwa anavuja damu.

Hiyo sasa hivi ilichukua saa nzima na dakika ishirini.

Hadija hakusukuma. Aliambiwa asisukume. Aling'ata pindo la khanga yake ya kijani akavuta pumzi kama alivyoelekezwa, na hakupiga kelele, kwa sababu asubuhi ile Elipendo mwenyewe alipita akiwaambia wote kwamba hapa hakuna kupiga kelele. Laiti angepiga.

Yule wa kitanda cha pili alipona. Hilo nalo halikuandikwa popote.

9.

"Andika mama hakutoa ushirikiano," alisema matroni.

"Lakini alitoa."

"Eli. Wote tunaandika hivyo. Ukiandika ulikuwa peke yako utaulizwa kwa nini. Nitaulizwa na mimi. Ataulizwa mganga mkuu. Likishafika juu litarudi na jina moja tu, na si langu. Una watoto watatu wanasoma. Andika, dada, tukahudumie waliobaki."

Si kwamba matroni alikuwa katili. Alikuwa amekesha na kuamka na wodi hiyo miaka kumi na tisa, na maneno hayo matatu yaliwahi kumwokoa hata yeye. Kila mkunga aliyemtangulia aliyakuta yakimngoja kwenye makabrasha, yakatumika, yakarudishwa mahali pake kama mkasi.

Elipendo aliandika kwa kalamu ya bluu. Jumatatu iliyofuata alishindwa kuupata mshipa wa mgonjwa. Sindano ilikuwa inacheza vidoleni. Matroni akaona, akaandika taarifa.

10.

(koridoni, mbele ya dirisha la dawa)

— Hao wanaokaa duara ni akina nani?
— Wa Jumatano hao. Wanalipwa posho ya kulia.
— Mbona yule kama nesi Eli?
— Punguza sauti.
— Sasa nesi naye analia nini?

11.

Uchungu wenyewe ni kwamba tiba ilifanya kazi.

Kikao cha pili Hadija alikaa kwenye kiti kizima. Cha tatu alikuja na karanga kwenye karatasi, akagawa. Siku hiyo Mzee Gwau alieleza habari ya kisima kwa mara ya kwanza tangu msiba: kwamba matofali ya kujengea kuta yalikuwepo, yamepangwa pembeni, ila mwenye shamba alikuwa na haraka ya maji, naye mzee akasema kuta atazijenga kesho. Alipomaliza, Hadija alimshika mkono. Mzee alilia mpaka kofia ikalowa. Wiki iliyofuata alisimulia kwamba amelala usiku mzima bila kuamka.

Kikao cha nne Hadija alicheka. Bwana Kiula aliuliza swali refu la kitabuni, na Mzee Gwau akajibu, "Ndiyo," basi. Elipendo hakuwahi kufikiri kwamba msichana yule ana mwanya.

Na kila wiki kiti cha Hadija kilisogea. Kufikia cha tano kilikuwa kimegusana na cha Elipendo.

"Dada, wa kwako alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Kama wangu."

"Kama wako."

Nyumbani Elipendo alimimina chai kwenye kikombe bila kumwaga hata tone. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. Inapona kwa huruma ya yule yule ambaye yeye ndiye aliyemharibia, na alijichukia kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

12.

Alijaribu. Tusimwonee.

Kikao cha tatu: "Hadija, kuna jambo nataka

Kikao cha nne, wakitoka: "Siku ile unayoisema, mimi

Kikao cha tano: "Mdogo wangu

13.

Unamwambia aseme. Ni rahisi, umekaa na kitabu. Lakini kaa pale. Msichana amepata mahali pamoja tu duniani ambapo hatazamwi kama aliyebana miguu, na mahali penyewe ni kati ya bega la mzee na bega lako. Ukisema, unamtua mzigo na kumpokonya bega katika pumzi moja. Usiposema, ataendelea kupona ugonjwa ambao hana. Kila Jumatano watamfundisha kujisamehe kosa ambalo hakulifanya, naye ni mwepesi wa kujifunza, kwa hiyo atajisamehe, na litabaki lake mpaka kaburini.

Halafu kuna ile fomu, na watoto watatu wanaosoma.

14.

Kikao cha sita. Bwana Kiula alileta zoezi alilofundishwa kwenye mafunzo yake. Kiti kitupu kinawekwa katikati. Kila mmoja anamweka hapo, kwa mawazo, mtu aliye na neno naye, hai au marehemu, anamwambia.

Mzee Gwau alimweka mwanawe. Alimwambia kuhusu matofali. Kisha akamwambia kwamba mama yake hajambo.

Hadija alimweka nesi.

"Shikamoo, sista," alikiambia kiti. "Samahani kwa siku ile. Ulikuwa na kazi nyingi na mimi nikakusumbua. Uliniambia nisukume nikashindwa. Nilikuwa nataka kukuomba unisamehe, sikutoa ushirikiano."

Bwana Kiula alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Ingesaidia nesi akijibu," akasema. "Mmoja wetu akae pale, ajibu kwa niaba yake. Hadija, chagua unayemwamini."

Hadija hakufikiri hata kidogo.

"Dada Eli."

Kutoka kitini mpaka kitini ni hatua tatu. Elipendo alikaa. Kaptula ya mizani ilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Alipofungua mdomo alitokwa na sauti ya wodini, ile ya chini, ambayo kwa wiki sita alikuwa ameificha.

"Ulitoa ushirikiano, mama.

"Nilikuwa peke yangu na wazazi watano. Nilikwambia usisukume, nakuja sasa hivi, nikakaa saa nzima na dakika ishirini. Hukusukuma. Kila nililokwambia ulilifanya. Uling'ata pindo la khanga yako ya kijani ukavuta pumzi mpaka niliporudi. Nilipokwambia usukume, mtoto alikuwa ameshachoka kunisubiri, na wewe pia. Halafu nikaandika kwamba ni wewe. Niliandika kwa mkono huu."

Feni.

Kisha

makofi.

Mzee Gwau ndiye aliyeanza, taratibu, na Bwana Kiula akafuata. "Ahsante sana, mama," akasema. "Umevaa nafasi ya mtu mpaka nywele zimenisimama. Hivi ndivyo kikundi kinavyofanya kazi." Akavuta bahasha yenye fomu.

Ingeweza kuishia hapo, na Elipendo aliliona hilo wazi kabisa. Hadija ameambiwa alilohitaji kuambiwa. Fomu ingejazwa. Alianza kuinuka.

Hadija hakuwa amepiga makofi.

"Dada," akasema. "Habari ya khanga sijawahi kuisema hapa."

"Labda kikao cha pili," Bwana Kiula akasaidia, "ulipokuwa unaele—"

"Sijasema popote. Hata mume wangu hajui kama niling'ata khanga. Na ile ya kijani haipo tena. Mtoto alizikwa nayo."

Wanawake wengi hung'ata khanga. Nimekisia tu, mdogo wangu. Sentensi ilikuwa tayari, imekaa juu ya ulimi, na ingeaminiwa. Elipendo alitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umetulia tuli.

"Ni mimi," akasema.

Hadija hakumtazama Elipendo tena. Aligeukia ubaoni.

"Bwana Kiula, hiyo kanuni ya kwanza. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa."

"Ndiyo."

"Na hili nalo linabaki hapa? Mimi nikitoka nje ya mlango huu, kwa mume wangu na mama mkwe, bado ndiye niliyebana miguu?"

Mafunzo ya Bwana Kiula yalikuwa ya wiki mbili tu, na siku ya kumi na nne walipewa vyeti.

Hadija akachukua kikapu chake cha chupa za mafuta. Mlangoni akasimama.

"Nimekuita dada," akasema. "Wiki sita nakuita dada."

15.

FOMU YA TATHMINI YA MSHIRIKI

Jina: Elipendo Msengi
Vikao alivyohudhuria: 6 kati ya 6
Hali ya mikono: imetulia
Je, mshiriki ametoa ushirikiano? NDIYO / HAPANA
Maoni ya mshauri: Nilifundishwa kwamba

16.

Elipendo aliandika kurasa nne za daftari lenye mistari. Aliandika saa ya kufika, saa ya kuondoka kitandani, saa ya kurudi. Aliandika wazazi watano na mkunga mmoja. Aliandika nani alimwambia aandike nini, na kwamba hakushikiwa kalamu. Chini akaweka jina lake lote na namba yake ya usajili, akajua kwamba anajiandikia kufukuzwa. Nakala moja aliipeleka ofisi ya mganga mkuu, ikapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Karani alipoisoma mistari miwili ya mwanzo alimtazama usoni, akaifunika kwa faili jingine.

"Nesi, umefikiri vizuri?"

"Hapana," akasema Elipendo. "Igongee muhuri hivyo hivyo."

Nakala ya pili akaitia kwenye mkoba.

17.

Bi. Hadija A. Ntandu,

Rejea maombi yako ya kuliona faili lako la wodi ya wazazi. Tunasikitika kukujulisha kwamba faili husika halionekani kwa sasa. Juhudi za kulitafuta zinaendelea.

Wakati huu tunaomba ushirikiano wako.

18.

TANGAZO
(plasta mpya)

Tiba ya kikundi imesitishwa mpaka itakapotangazwa tena. Chumba kitatumika kwa chanjo siku zote tano.

19.

Jumatano. Mlango wa chumba cha chanjo ulikuwa wazi, wazazi wamepanga foleni, watoto wanalia kwa zamu, na mizani inafanya kazi yake iliyowekewa. Nyuma ya jengo, ukutani mwa jiko la wagonjwa, Mzee Gwau alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Viwili vingine aliviweka mkabala.

"Bwana Kiula kahamishwa," akasema. "Kaniambia viti niviazime, nirudishe jioni."

"Mzee, shikamoo. Sikujua kama nitakukuta."

"Marahaba. Na mimi sikujua kama nakutaka." Akamwonyesha kiti kwa kidevu. "Mwenzako nilipita kwake jana. Nimesikia una karatasi, nikamwambia. Hakunijibu, alikuwa anajaza chupa."

Elipendo aliketi. Kurasa nne alizilaza juu ya kiti kilichobaki, akaweka kokoto juu yake, maana upepo wa mji ule hauna adabu. Saa yake ya mkononi, ile ya kuhesabia mapigo, ilionyesha saa nne kamili.

Saa nne na nusu mpishi alitoka kumwaga maji, akawatazama, akarudi ndani. Saa tano wanawake wawili wenye vikapu waliingia getini, hakuna aliyekuwa yeye. Jua likahamia upande wao. Mzee Gwau akafunika kichwa kwa kofia, na Elipendo akabaki vilevile, mikono mapajani, anavuta pumzi.

Saa tano na dakika ishirini akatazama saa tena. Kumbe saa nzima na dakika ishirini ni muda mrefu hivi.

"Tuondoke, au tumngoje?" akauliza mzee.

"Tumngoje," akasema Elipendo.